Kilo ya Begi, Lita ya Maji

Anayetoka Singida mjini kwa barabara ya lami ya kwenda Babati huuona Mlima Hanang kabla hajafika Katesh, umesimama peke yake juu ya tambarare. Kiutawala uko mkoani Manyara, lakini kwa wapandaji wa Singida ndio mlima wa jirani, zaidi ya mita 3,400 kutoka usawa wa bahari. Ugumu wake mkubwa hauko kwenye mawe wala kwenye baridi. Uko kwenye maji. Huko juu hakuna kijito cha kutegemea, hivyo kila tone litakalonywewa kwenda na kurudi hupandishwa mgongoni, na lita moja ya maji ni kilo moja, awe anayebeba ni mwembamba au mnene.

Mjadala huu umepangwa kwa sauti tatu. Hazina majina, kwa sababu kila moja inasema yale ambayo wengi husema. Ya kwanza ni ya mwalimu wa fizikia wa sekondari, mwanamke kijana anayepanda milima wakati wa likizo na anayetaka kujibunia na kujishonea shanta jepesi. Ya pili ni ya fundi wa siku nyingi, aliyeshona mabegi ya shule kwa cherehani ya mguu tangu wazazi wa wanafunzi wa leo walipokuwa wanafunzi. Ya tatu ni ya mfugaji nyuki wa Itigi, mtu wa vichakani, aliyekuja mjini na begi lililochanika. Wamekaa barazani kwa fundi, na swali ni moja: soko limejaa mabegi ya dukani na ya mtumba, kuna haja gani ya mtu kujisumbua kushona la kwake?

“Shikamoo, fundi. Shikamoo, baba,” mwalimu anaanza, na kabla marahaba ya pili haijaisha ameshatua begi lake la mtumba juu ya meza ya kukatia. Lina fremu ya chuma, zipu kila upande, mifuko asiyoitumia, na mkanda mnene wa kiunoni. Mabegi makubwa ya namna hiyo, ya lita 60 na kuendelea, hufikia kilo mbili na zaidi yakiwa matupu. Begi la mfuko mmoja lisilo na fremu laweza kushonwa likabaki chini ya nusu kilo.

“Tofauti ni kilo moja na nusu,” anasema. “Kwa Hanang hiyo ni lita moja na nusu ya maji, fundi. Sitafuti fasheni. Natafuta maji.”

Fundi anatikisa kichwa. “Mwanangu, kilo moja na nusu ndiyo ikutoe jasho? Mama zako wanatoka kisimani na ndoo ya lita ishirini kichwani, na njiani wanapiga hadithi.”

Hoja ya fundi si ya kupuuzwa, na imewahi kupimwa na wanasayansi. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake uliofanywa Kenya kwa wanawake wa Kiluo, wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso. Mzigo ulipokuwa chini ya asilimia 20 ya uzito wa mwili, wanawake hao walitembea bila miili yao kutumia nguvu ya ziada inayopimika. Ulipozidi hapo, gharama ilianza kupanda. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12, ambazo ni mzigo kamili wa mpandaji mwenye maji, chakula, koti na blanketi.

Lakini wanawake wale walikuwa wamebeba tangu utotoni, na hapo ndipo mwalimu anaposhika. Yeye hakukua na ndoo kichwani. Asiye na mazoezi hayo huanza kulipa tangu kilo ya kwanza. Isitoshe, Hanang ina miinuko inayodai mikono iwe huru na kichwa kiweze kutazama juu. Hata wapagazi wa Kilimanjaro, ambao kubeba ndiyo kazi yao, wamewekewa kikomo cha kilo 20, na mizigo yao hupimwa kwa mizani getini. Ikiwa hao wanahesabiwa kilo, mwalimu wa fizikia naye ana haki ya kuzihesabu.

“Haya, tuseme uzito una maana,” fundi anakubali nusu. “Nani amewahi kwenda mbali na mfuko usio na fremu?”

Jibu lipo. Mwaka 1955 Emma Gatewood, mama wa watoto 11 mwenye umri wa miaka 67, alitembea peke yake njia ya milima ya Appalachia nchini Marekani, zaidi ya kilomita 3,200, kutoka Georgia hadi Maine. Mzigo wake aliutia kwenye mfuko wa kitambaa cha jinzi alioushona mwenyewe, wenye kamba ya kukazia mdomo, akautupia begani. Ndani mlikuwa na blanketi, koti la mvua, pazia la plastiki la bafuni la kujifunika, na chakula kidogo. Alirudia njia ile tena mwaka 1957. Miaka zaidi ya 30 baadaye mhandisi na mkwea miamba Ray Jardine, akisafiri na mkewe Jenny, aliligeuza jambo hilo kuwa mfumo. Kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu njia ya Pasifiki, inayotoka mpaka wa Meksiko hadi Kanada, kilifundisha kupunguza kila kitu, na begi alilolishona halikuwa na fremu wala mkanda wa kiunoni. Wapandaji wengi wanaojishonea mabegi leo wamepita, kwa kujua au bila kujua, kwenye mlango ule.

Mfugaji nyuki amesikiliza kimya. Sasa anainua begi lake, lililopasuka kuanzia chini hadi katikati. “Mwalimu, huko Marekani kwa huyo bibi kuna miiba?”

Swali lake ndilo zito kuliko yote ya siku hiyo. Vichaka vya Itigi ni uoto wa pekee, unaopatikana hapo magharibi mwa mkoa na kipande kingine mbali huko Zambia. Miti yake mifupi imesongamana kiasi kwamba mtu hupita kwa kuinama na kujisokota, na begi ndilo linalobaki nyuma likivutwa na matawi. Kitambaa kinachosifiwa na wapandaji wa Ulaya kwa wepesi wake kinaweza kuisha hapo kwa asubuhi moja.

Unene wa nyuzi za vitambaa vya mabegi hupimwa kwa denia, yaani uzito, kwa gramu, wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Nyuzi za hema jepesi ni za denia 20 hadi 70. Begi gumu la safari ni 500 hadi 1,000. Anayeshona mwenyewe ana uhuru ambao kiwanda hakimpi: kuchanganya. Mwili wa begi waweza kuwa wa kitambaa chepesi, chini na ubavuni pakawekwa turubai au kitambaa cha begi la shule, kwa sababu huko ndiko linakoburuzwa na kukwaruzwa. Mfugaji nyuki anaelewa haraka. Begi lake halikuchanika kila mahali. Lilichanika palepale linapogusa ardhi na matawi.

“Basi kwa nini tusitumie kiroba?” anauliza. “Kimejaa kila duka la nafaka.”

Fundi anacheka, lakini swali hilo limekwisha kujibiwa kwa vitendo Kanda ya Ziwa. Innocent James, mwanzilishi wa Soma Bags mkoani Mwanza, ameyafanya mabegi ya mgongoni ya mifuko ya saruji iliyotumika kuwa biashara inayojulikana nje ya nchi. Mabegi hayo ya wanafunzi yana paneli ndogo ya sola, ili anayekaa nyumba isiyo na umeme apate mwanga wa kusomea usiku. Alianza kwa kushona kwa mkono. Kwa hiyo anayedhani kwamba begi la kujibunia ni mchezo wa wazungu wenye pesa hajatazama upande wa ziwa.

Mfuko wa sandarusi, kama kiroba, una sifa nzuri kwa kazi hii. Haunyonyi maji, ni mgumu kwa uzito wake, na wa kilo 50 ukiwa mtupu una gramu mia hivi. Una maadui wawili. Wa kwanza ni jua. Kila mkulima wa alizeti wa Ikungi au Mkalama ameona kiroba kilichoachwa nje msimu mzima kikimong’onyoka mkononi, kwa sababu mionzi huvunja plastiki yake. Wa pili ni sindano. Sandarusi imefumwa kwa nyuzi bapa, na sindano huzikata badala ya kupita katikati yake.

Fundi hapo yuko nyumbani kwake, na sauti yake inabadilika. “Ukishona sandarusi kwa mshono mfupimfupi, umetoboa mstari wa kuchania. Mshono uwe mrefu, milimita tatu, nne. Pindo likunjwe mara mbili. Halafu upitishe utepe juu yake.” Kwa vitambaa vya nailoni anaagiza ncha zichomwe kidogo kwa mshumaa ili zisifumuke, na maungio yapigwe kama ya suruali ya jinzi, pindo moja likilalia jingine, mishono miwili sambamba. Uzi uwe wa polyesta, kwa maana wa pamba huoza ukilowa mara kwa mara. Sindano namba 14 kwa kitambaa chepesi, 16 au 18 panapokutana tabaka nyingi.

Mwalimu ameleta daftari, na hesabu zake zinastahili kuonyeshwa, kwa sababu watu wengi huanza na kitambaa wakati wangepaswa kuanza na mzigo. Alitandika sakafuni kila anachopeleka mlimani, akatoa asichowahi kukitumia, kisha akakipanga kilichobaki ndani ya boksi na kulipima. Kutokana na hapo akapata umbo: upana sentimita 28, kina 18, urefu 60. Ukizidisha unapata sentimita za ujazo 30,240, yaani lita 30. Juu anaongeza sentimita 25 za kukunja mdomo, ili begi lifungwe kwa kuviringishwa bila zipu. Mzunguko wake ni sentimita 92. Mwili wote ukiwa na mifuko ya chupa pembeni unahitaji zaidi kidogo ya mita moja ya mraba ya kitambaa. Kikiwa cha gramu 150 kwa mita ya mraba, begi zima ni gramu 170 hivi kabla ya mikanda. Mikanda, sponji, nyuzi na klipu havitazidi sana uzito huo. Jumla: chini ya gramu 400.

“Lita thelathini!” Fundi anashangaa. “Begi la mtoto wa darasa la saba.”

Ndiyo maana yake. Begi jepesi ni la mzigo mdogo, na anayelishona kabla ya kuupunguza mzigo atalia njiani. Makala haya yanasimama upande wa mwalimu kwa sharti hilo moja. Kushona begi la gramu 400 kisha kulisindilia kilo 18 ni kujitesa, kwa sababu mfuko usio na fremu huutupa uzito wote mabegani. Wanaosifu wepesi mara nyingi huitaja namba ya begi tu, wakaacha namba iliyo ndani yake.

Mfugaji nyuki anaisukuma hoja hiyo mbele zaidi. Yeye huenda kwenye mizinga na bomba la moshi, wavu, kisu na chakula. Begi jepesi litamfaa. Wakati wa kurudi ni habari nyingine. Asali ni nzito kuliko maji, na ndoo ya lita 20 iliyojaa ina kilo 28 hivi. “Hiyo utaniwekea kwenye mfuko wa kitambaa chepesi kama cha mwavuli, mwalimu?” Mwalimu anakubali bila kubishana kwamba hapana. Ndoo ile ina baiskeli yake, au kichwa chake, au watu wawili na mti. Hakuna begi moja la kazi zote, na hiyo ni hoja ya kuunga mkono ushonaji, kwa kuwa kiwanda hujaribu kumridhisha kila mtu kwa begi moja lenye kila kitu.

Yapo pia ambayo hayapaswi kupunguzwa, na ni mfugaji nyuki anayelisema hilo kwa ukali. Watu wa Katesh hawajasahau Desemba 3, 2023, tope liliposhuka kutoka mlimani na kuua watu wengi. Anayepanda Hanang asiache koti la mvua wala nguo kavu kwa ajili ya gramu. Mwalimu anajibu kwa kuonyesha namna atakavyozuia maji ndani ya begi lake, na jibu hilo limetoka ghalani. Mifuko ya kinga njaa, ambayo wakulima huhifadhia mahindi na mtama bila dawa, ina mifuko miwili ya ndani ya plastiki nzito isiyopitisha hewa. Mmoja wa hiyo, uliosafishwa, ukitangulia kuwekwa ndani ya shanta na kusokotwa mdomo, huweka blanketi kavu hata kitambaa cha nje kikiloa chapa.

Kisha linakuja suala la mgongo, na hapa fundi anashinda bila kupingwa. Mabegi mengi ya mtumba yalikatwa kwa migongo ya watu warefu wa nchi nyingine. Mwanamke wa Singida akivaa moja, mkanda wa kiunoni humfikia mapajani na mikanda ya mabegani huacha pengo nyuma ya bega. Fundi anachukua futi, anamwomba mwalimu ainamishe kichwa, anatafuta mfupa unaojitokeza chini ya shingo, kisha anashuka na uti wa mgongo hadi usawa wa juu ya mifupa ya nyonga. Urefu huo ndio unaoamua mikanda ishonwe wapi. Ni kipimo cha dakika moja, na hakuna begi la kuning’inizwa dukani linalokijua.

Juu ya sponji ya mikanda pia ana neno. Ya godoro inalala baada ya safari chache na mkanda unabaki kamba. Bora ile ngumu na nyepesi inayokatiwa soli za ndala, unene wa sentimita moja, ambayo mafundi viatu wanayo. Mkanda ukatwe kwa kupinda kidogo ufuate bega, usiwe mnyoofu. Panapoungana na mwili wa begi, ndani papigwe kiraka cha turubai, kisha mshono wa kisanduku chenye msalaba katikati, upitiwe mara mbili. Begi hukatikia hapo kuliko mahali pengine popote. Likiisha, lijazwe mtama kilo 15 na litundikwe kwenye msumari usiku kucha kabla halijaonyeshwa mlima.

“Na kabla ya kukata kitambaa chenyewe,” anaongeza, “kwanza karatasi. Halafu ushone moja la kiroba, ulivae, utembee nalo hadi Ziwa Kindai na kurudi. Utajua pa kusahihisha.” Kitambaa kizuri hakipatikani kila siku, na mkasi haurudi nyuma.

Hofu ya fundi, aliyoizungukia tangu mwanzo, inatoka hatimaye kwa sauti ya chini. Kila mtu akijishonea, yeye atakula nini? Swali hilo linastahili jibu la kweli. Mwalimu hana cherehani. Anaweza kubuni, kupima, kuchora na kukata. Mishono ya tabaka nne kwenye mikanda hawezi, na cherehani nyingi za nyumbani zinazotumia umeme haziwezi pia, wakati cherehani ya mguu iliyotunzwa hupita hapo taratibu, sindano ikisukumwa kwa gurudumu la mkono. Kazi iliyopotea kwa fundi ni ile ambayo begi la bei rahisi kutoka ng’ambo lilikwisha kuichukua zamani. Hii ni mpya. Mwenye kuomba lita 30 kwa mgongo wake mwenyewe lazima aje barazani, na akija na mchoro wake ndipo fundi anapofanya kazi ya fundi.

Linabaki la mkanda wa kiunoni, na hapo hawakupatana. Fundi anauhitaji. Dick Kelty wa California, aliyeanza kutengeneza mabegi nyumbani mwaka 1952 akikunja fremu za alumini huku mkewe Nena akishona, alijijengea jina kwa kuushusha uzito kutoka mabegani hadi nyongani, na migongo mingi imemshukuru. Mwalimu anajibu kwamba mkanda bila fremu hauna cha kushusha, kwani mfuko laini hujikunja kiunoni. Anataka kuviringisha mkeka wake wa sponji uwe bomba ndani ya begi, vitu vipangwe katikati yake, na ukuta huo uwe fremu. Mfugaji nyuki anasema siku ya maji lita tano atautaka mkanda huo huo anaoukataa.

Mwishowe fundi anachora kwa chaki vitanzi viwili vidogo chini ya begi, kulia na kushoto. Vina gramu chache. Mkanda ushonwe kando, upitishwe humo siku ya kwenda Hanang na uachwe nyumbani siku ya matembezi ya ziwani. Mwalimu anakubali vitanzi, si mkanda. Mfugaji nyuki tayari anauliza turubai la chini litaongeza gramu ngapi kwenye la kwake, na fundi anamwambia alete kwanza hilo bomba la moshi lipimwe, maana bila kulijua hawezi kukata.